Mgeni Aliyelazwa Kwenye Udongo Mweusi

Kabula, ng'wana wane, mwanangu,

Saa hizi umekaa kwa msusi wako pale karibu na stendi, umeinamishwa kichwa, na najua hutarudi kabla jua halijapungua. Nywele zako ni nyingi, na maneno ya msusi wako ni mengi kuliko nywele. Nimeutumia mwanya huo. Nimewafukuza mbuzi upenuni, nimevuta meza hadi mlangoni penye mwanga, na sasa naandika. Usinicheke mwandiko. Mkono huu umezoea kuandika "ng'oeni masalia ya pamba, chomeni moto". Haujazoea kuandika habari za mwenye mkono.

Mambo ya safari sitayagusa. Chandarua, vyeti, kutopokea chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi, hayo umenisikia nikiyasema wiki nzima hadi umeanza kunimalizia sentensi. Mtu mzima akiishiwa la kusema hushika chandarua.

Kilichonikalisha hapa ni maneno yako ya jana kwenye sala ya kukuaga. Ulisimama mbele ya majirani na kanga yangu begani ukasema: "Mimi naenda kusomea mbegu kwa sababu ya mama. Yeye ndiye aliyepima pamba ya kata hii kwa mraba, kwenye shamba la bibi, na alinifundisha mraba huo kabla sijajua kuandika jina langu. Nikifika chuoni, kitu cha kwanza nitatafuta matokeo ya shamba lile nianzie hapo." Watu wakapiga makofi. Mimi nikaangalia chini, nikajifanya natafuta kiatu. Ukadhani nalia kwa furaha, ukaja ukanikumbatia mbele ya watu wote. Kabula, haikuwa furaha. Ilikuwa aibu, na ilinipanda hadi masikioni.

Kwa hiyo sitajisifu kwamba wema ndio umenifanya niseme. Ningeweza kukaa na neno hili hadi wanifukie nalo. Nimeogopa. Unakwenda kuchimba mahali nilipozika kitu, na kichwa chako nakijua, utakipata. Afadhali ukisikie kwangu kuliko kukikuta kule Morogoro kati ya watu wasiokujua, halafu ukose hata wa kumuuliza kwa nini.

Tuanze na mraba wenyewe, maana wewe uliujua kama mchezo, mimi niliujua kama kazi. Shamba la bibi yako, mama yangu, lilikuwa na tabia ya mashamba mengi ya huku. Juu ni luseni, mchanga mwepesi wenye changarawe ambao mvua inaupitia kama haijauona. Chini ni mbuga, udongo mweusi unaoshika maji, unashika na ndala yako. Watafiti wa pamba wakileta mbegu nne ili wajue ipi ni bora, huwezi kuipanda moja juu na nyingine chini. Ukifanya hivyo hujapima mbegu, umepima udongo. Ndiyo maana walikata shamba vipande kumi na sita, vinne kwa vinne, kila mbegu ikapewa herufi yake. Sharti likawa kwamba katika kila mstari wa kulala, kila herufi ikae mara moja, na katika kila mstari wa kusimama vilevile. Kila mbegu ionje juu, ionje chini, ionje upande wa njia na upande wa korongo. Herufi ipi inaanzia wapi, hiyo walipiga kura, ili hata wao wenyewe wasiwe na la kuchagua.

Ulipokuwa kidato cha tano ulikaa jikoni na kalamu, ukahesabu mraba wa namna hiyo unaweza kupangwa kwa njia ngapi. Ukaja mbio kuniambia: mia tano sabini na sita. Mimi nilikuwa nachambua mchicha.

"Nyingi hizo," nikasema.

"Nyingi wapi, mama? Njia mbovu za kuzipanga herufi zile ni mamilioni. Zilizo sawa ni hizo tu."

Nikaendelea kuchambua hadi nikaanza kutupa majani mazima na kubakiza vijiti. Ukanicheka. Ulisema mama hesabu zimemchanganya. Basi ujue leo kilichonichanganya. Watafiti waliniletea moja kati ya zile mia tano sabini na sita, na mimi nikaibadilisha ikawa moja kati ya yale mamilioni.

Ilikuwa msimu wangu wa kwanza wa kazi. Nimetoka chuoni na buti mpya, napangiwa kata ya nyumbani kwetu, na wazee wananitazama hivi, wanasema tumeletewa mtoto tuliyemwona akikimbizwa na bata aje atufundishe kulima. Mama yangu ndiye alinitoa aibu. Alijitolea shamba lake la kando ya njia litumike kwa jaribio, ili kila apitaye aone kazi ya binti yake. Siku ya kupanda walikuja wanawake wa ukoo na majembe yao, na baba yako Masele, ndugu yangu, akaja kunishikia upande wa pili wa kamba. Alikuwa kijana bado, hajaoa, mtu wa mzaha. Alishindwa kuutamka mraba kama wewe unavyoutamka. Kwake ilikuwa "mlaba", na hakujali.

Mbegu moja ilikuwa mpya kabisa, haijawahi kupandwa huku. Wanawake wakaibatiza jina palepale: mgeni. Ile tuliyoizoea miaka yote wakaiita mwenyeji. Zile mbili nyingine hakuna aliyehangaika nazo. Kazi ikaenda vizuri hadi tukafika mstari wa juu, kwenye changarawe tupu. Nikachomeka kigingi. Mama akasimama na jembe lake.

"Kipande hiki cha nani?"

"Cha mgeni, mama."

"Mgeni unamlaza kwenye changarawe? Mlangoni?"

"Si mimi. Ndivyo ilivyotoka kwenye kura."

"Kura haina mama. Wewe unaye."

Wanawake wakacheka. Hawakuwa na ubaya wowote. Hata wewe unajua mgeni wetu analala wapi: kitanda kizuri ni chake, paja la kuku ni lake, mwenye nyumba atajibanza na watoto. Masele akavuta kamba kunitania. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Dada, mlaba wako hauna adabu."

Ningeweza kueleza. Ningesema, jamani, hapa hatumkaribishi mtu, tunampima, na anayepimwa lazima aonje changarawe kama wenzake. Nilifundishwa namna ya kulieleza hilo, na mtihani nilifaulu. Lakini nilikuwa nimepata, kwa mara ya kwanza tangu nirudi, wanawake wa kwetu wanacheka na mimi, hawanicheki mimi. Nikautaka ule ucheshi. Na nitasema lingine ambalo ni baya zaidi: nilitaka mgeni ashinde. Mbegu mpya ikishinda kwenye shamba la mama, jina linalotajwa ni langu.

Nikang'oa kigingi cha mgeni pale juu. Nikashuka na mstari uleule wa kusimama hadi chini mbugani, ambako kulikuwa na mwenyeji, nikabadilishana. Vipande viwili tu, Kabula. Mgeni akawa na vipande viwili kwenye udongo mweusi na hana hata kimoja kwenye changarawe. Mwenyeji akawa na viwili kwenye changarawe, udongo mweusi asiuonje kabisa. Na kwa kuwa nilibadilisha ndani ya mstari mmoja wa kusimama, mistari yote ya kusimama ilibaki safi. Mtu akishuka nayo kutoka juu hadi chini anakuta kila mbegu mara moja. Wakaguzi walipokuja walishuka nayo. Hawakutembea kwa kukata, kufuata mistari ya kulala.

Mgeni akashinda, bila shaka. Mvua ilikuwa njema mwaka ule, na pale chini akapanda hadi kifuani kwangu, vitumba vimebanana kama vindama zizini. Watu wakasimama njiani kutazama. Mtafiti mkuu, mzee mpole aliyekuwa akisema kwa sauti ya chini, alikaa juu ya ndoo akatazama namba, akatazama shamba, akatazama namba tena. Akaniuliza, "Bibi shamba, mpangilio ni uleule tuliokupa?"

Nikasema, "Uleule, mzee."

Alinipa mlango nikaufunga mwenyewe. Kung'oa kigingi ilikuwa ujinga wa msichana. Lile jibu halikuwa ujinga. Nililifikiria kabla ya kulitoa, ndipo nikasema. Kwenye kata yetu hilo ndilo lilikuwa shamba la kupimia, kwa hiyo ikatangazwa kwamba mgeni anafaa udongo wote, wa juu na wa chini. Mama akachinja mbuzi. Tangu siku hiyo wazee wakaanza kuniamkia kwa jina la kazi.

Miaka miwili baadaye mbegu ilipogawiwa, msimu wa kupanda ulipofika, Masele alikuja kwangu. Wakati huo alikuwa ameoa, wewe umeshazaliwa siku ya mvua kubwa ndiyo maana ukaitwa Kabula, na mama yako aliyekuzaa, Mungu amrehemu, alikuwa ameshatutoka ukiwa bado unanyonya. Baba yako alikuwa analea na kulima kwa pamoja, umefungwa mgongoni mwake kwa kanga, vijana wenzake wanamcheka na yeye anacheka nao. Shamba alilopewa lilikuwa luseni tupu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akaniuliza akiwa amesimama, hakutaka hata kukaa.

"Dada, huyu mgeni kwenye luseni langu atakaa?"

Mstari wa juu ulinijia machoni pale pale, pale ambapo mgeni hakulala. Nilijua kwamba sijui. Mtu mwingine yeyote ningeweza kumwambia kwa uficho, jaribu robo kwanza. Kwa ndugu yangu nilishindwa, kwa sababu yeye angeuliza kwa nini, na yeye ndiye aliyekuwa ameshika kamba.

"Atakaa," nikasema.

"Kama umesema wewe, basi."

Mgeni aliota vizuri kwenye luseni. Mvua ilipopumzika katikati ya msimu, kama inavyopumzika kila mara huku kwetu, akainamisha majani na kuangusha vitumba vikiwa bado vichanga. Mwenyeji aliyekuwa kwa jirani yake alivumilia. Masele akaja tena. Nimeandika hadi hapa, Kabula, na hapa kalamu imenigomea, nimekwenda kuwapa maji mbuzi ambao hawakuwa na kiu. Nimerudi. Baba yako hakuja kunilaumu. Alikuja kuniuliza amekosea wapi. Na mimi, bibi shamba, nikamwambia labda alichelewa kupalilia.

Akasema, "Kweli, mtoto aliugua wiki ile. Mwakani nitawahi."

Akawahi. Msimu uliofuata alipalilia kabla ya kijiji kizima, watu wakamtania kwamba anapalilia hata kabla magugu hayajaota. Mgeni akaangusha vitumba vilevile. Masele hakuja kuniuliza tena. Aliamini mkono wake una kasoro. Alisema maneno haya kwa mama, si kwangu: "Pamba imenikataa." Mtu wa kwetu akisema pamba imemkataa, ni kama amesema amekataliwa na ukoo. Kiangazi akaenda Mwakitolyo kujaribu machimboni na wenzake, akasema atarudi kabla ya mvua. Nilimwambia asiende. Kumbuka nimesema hivyo, maana nimelitumia neno hilo vibaya kuliko neno lolote maishani mwangu.

Mvua iliwahi. Duara walilokuwa wanachimba, shimo lile la kushuka kwa kamba, likatitia wao wakiwa ndani. Wenzake wawili walitolewa wazima. Yeye walimtoa kesho yake.

Kwenye msiba wewe ulikuwa umelala mgongoni kwangu. Mzee mmoja akaanza, "Hii dhahabu itatumalizia vijana. Tamaa tu. Mtu ana shamba, ana dada bibi shamba, anaacha pamba anakimbilia mashimo." Watu wakaitikia, kisha wakanigeukia. Nikasema, "Nilimwambia asiende." Wakatikisa vichwa kunihurumia. Neno lenyewe lilikuwa kweli, na nilijifunika nalo gubigubi. Nikaacha ndugu yangu azikwe na tamaa ambayo hakuwa nayo.

Ningependa kukuambia kwamba baadaye nilitengeneza. Nilitengeneza kwa kujificha. Nilipita nyumba za wenye luseni mmoja mmoja, nikawashauri warudi kwa mwenyeji, nikasema ni makadirio yangu tu. Wakarudi, pamba ikakaa, wakasema bibi shamba ana macho. Hata toba yangu ililetewa sifa nami nikazipokea, nikasema wabeja, asanteni. Mgeni mwenyewe wala hakuwa mbegu mbaya. Kule mbugani wanampanda hadi leo na wanamsifu. Nilimwonea mwenyeji, nikamwonea na mgeni, kwa kuwa sikumwacha yeyote aonyeshe alivyo.

Sasa rudi nyuma na mimi kidogo. Unakumbuka mkekani, kabla hujaanza shule? Choroko, dengu, karanga na mbegu za pamba, punje nne nne, nakufundisha kuzipanga. Wewe ulikuwa unazipenda choroko kwa sababu ya rangi. Siku moja ukaweka choroko mbili mstari mmoja, karibu na goti lako, ukasema hizi zinakaa na mimi. Nikakupiga kibao cha mkono. Kilikuwa kibao cha nguvu, punje zikaruka hadi uvunguni. Ulinitazama kwanza, kilio kikaja baadaye. "Mama, ni mchezo," ukasema. Nikatoka nje, nikakuacha unaokota peke yako. Wewe umelisahau, au umenifichia. Kofi lile halikuwa lako. Ulikuwa umefanya nilichofanya mimi, kumsogeza unayempenda mahali pazuri, na wewe ulikuwa na haki kwa sababu zilikuwa choroko tu.

Mwaka jana tena, ulirudi likizo na habari za vinasaba. Ukanieleza kwamba ndani ya kila mbegu, ndani ya ng'ombe, ndani yangu mimi, kuna herufi nne vilevile, zimepangwa kwa mistari mirefu ajabu, na zinasomwa tatu tatu. Ulikuwa unaongea huku unakuna nazi, mikono inaruka. Ukasema mraba wetu watu wa tiba nao wanautumia wakijaribu dawa, na wafugaji wakijaribu chakula cha ng'ombe wa maziwa, kila ng'ombe aonje kila chakula kwa zamu. Halafu ukasema kwamba selimundu, inayowatesa watoto wengi huku kanda ya ziwa, mwanzo wake ni herufi moja tu iliyokaa pasipo pake. "Moja tu, mama, na damu yote inaharibika." Nikainuka kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Uliniuliza kama kuna moshi machoni. Nikakubali kuwa ni moshi.

Nilichojifunza ni kidogo ukilinganisha na gharama yake. Zamani nilidhani ule mpangilio umewekwa kwa ajili ya udongo. Siku hizi naona umewekwa kwa ajili ya watu kama mimi. Waliobuni walijua kwamba mtu akiachiwa kigingi mkononi, mkono utakwenda unakopenda, na atajiambia ni heshima, ni ukarimu, ni mila. Wala sikwambii uiache mila. Mgeni akija kwako mpe paja la kuku. Ila ukiwa umeshika kigingi, na mtu unayempenda anacheka karibu yako, kumbuka namna mama yako alivyokuwa dhaifu. Wewe una moyo kama wangu, unapenda kupendwa. Nimekuona.

Sasa neno lenyewe. Ulipokuwa darasa la kwanza uliniuliza baba alifuata nini kule Mwakitolyo. Nikasema dhahabu. Ukauliza, tulikuwa na njaa? Nikasema hapana, ni tamaa tu. Hukuuliza tena. Hukuuliza mwaka ule, hukuuliza hadi leo. Kaburini kwake huwa unasimama pembeni na simu yako. Na juzi gulioni yule mzee muuza kamba, aliyemfahamu, alikuita, "Binti Masele!" Ulisikia. Nilikuona shingo ikikaza. Hukugeuka. Tulipofika mbele ukanishika mkono ukasema, "Mimi ni wako, mama." Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilitembea na mkono wako hadi nyumbani nikiona nimebeba kitu cha wizi. Huku kila mtu ananiita Mama Kabula. Ni jina zuri kuliko yote niliyowahi kuitwa, na nimelipata kwa sababu ndugu yangu aliniamini.

Baba yako hakuwa na tamaa. Alikuwa mkulima hodari kwenye udongo mgumu, aliyepewa mbegu isiyomfaa na dada yake mwenyewe, kisha akaambiwa na dada huyohuyo kwamba hakupalilia. Alipalilia, Kabula. Alipalilia akiwa na wewe mgongoni.

Matokeo ya shamba lile ukiyakuta huko, usianzie hapo. Waambie walimu wako hayafai, na waambie sababu. Jina langu litaje. Usilifunike kwa kuwa nimekulea. Na mimi Jumapili, baada ya ibada, nitasimama mbele ya watu walewale waliokupigia makofi jana, nitasema kama nilivyosema hapa. Yule mzee wa msibani bado yupo, anakaa benchi la mbele. Nataka asikie.

Barua hii naiweka juu ya begi lako. Ukimaliza kuisoma, ukitaka kwenda kulala kwa jirani, sitakufuata. Ukikaa kimya mezani, nitakaa kimya na wewe. Sikuombi unisamehe leo, kwa sababu una safari, na msamaha wa haraka haraka unaweza kukulemea njiani. Asubuhi nitabeba begi la pili kama tulivyokubaliana, nitatembea nyuma yako hadi stendi. Ukishaweka mguu kwenye ngazi ya basi nitakuita mara moja. Sitaita Kabula. Nitaita Binti Masele, kwa sauti, mbele ya wapiga debe na wauza mayai na kila anayetujua hapa Tinde.

Kama hutaki kuniona uso, usinitazame. Lakini geuka. Hilo ni jina lako, na mwenye nalo hakukosa.

Ni mimi,
dada yake Masele.